Mkwaju Uliojua Kuhesabu

Mkwaju hujua kuhesabu watu. Msinicheke. Nilipokuwa na miaka saba niliamini jambo hilo kuliko nilivyoamini kwamba kesho jua litachomoza. Aliyenifundisha ni kaka yangu Doto, akiwa juu ya tawi, mashavu yamemvimba kwa ukwaju.

"We Shija, huu mti unatuhesabu. Leo tumekuja watano. Siku tukija wanne, utaanza kukauka. Na ukikauka, mwenye mti anaondoka nao."

Mwenye mti alikuwa Mayu, mama yetu. Aliachiwa na baba yake kule Zagayu. Hata leo nikipita kwa muuza juisi pale Somanda, nikanusa ukwaju uliolowekwa, kwanza nahesabu watu, ndipo mate yanajaa.

Kila kiangazi, pamba ikishatoka shambani, Mayu alitukusanya: dada yetu mkubwa Minza, mapacha Kulwa na Doto, na mimi niliyewafuata. Bodaboda mbili, tumepakiwa mishikaki, mabeseni vichwani. Na mti wenyewe, nawaambia, ukianza kuuzunguka asubuhi unamaliza wakati wa chakula cha mchana. Mayu alikataza kuupiga kwa fimbo, eti anayempiga anayemlisha atalala njaa. Basi tulipanda, tukatikisa matawi, ukwaju ukamwagika kwenye turubai kama mvua ya mawe. Kulwa, mvivu wa kupanda, alibaki chini akichokoza mchwa kwa kijiti katika vinjia vyao vya udongo pale shinani. Kisha tulimenya, tukatoa nyuzi na kokwa, na Mayu akafinyanga madonge yenye chumvi. Hayo yalitia uji wetu ukali mwaka mzima.

Halafu Minza akaolewa kule Kasoli.

Nililia harusini mpaka watu wa upande wa bwana harusi wakanipa soda mbili, wakisema mtoto huyu anampenda dada yake. Nilimpenda, ndiyo. Lakini niliyekuwa namlilia ni Mayu. Kiangazi kilipofika niliiba kanga ya Minza aliyoiacha, nikaifunga kwenye tawi na kuuambia mti, "Huyu hapa." Doto alicheka nusura aanguke.

Miaka miwili baadaye Kulwa alipata kazi Mwanza. Nikafunga jezi yake.

Kisha nabii mwenyewe, Doto, akafungasha kwenda Dar. Nilimfuata hadi stendi, nikaung'ang'ania mkoba wake.

"Usiende, Doto. Mayu atakufa!"

"Atakufa na nini?"

"Mti! Si ulisema mti unahesabu?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta jina la mgeni. "Mti gani tena, Shija?"

Alikuwa amesahau. Mimi nilikuwa nimebeba maneno yake miaka minane kama yai mdomoni, mwenyewe kasahau! Nikafunga kofia yake. Sasa tulikwenda wawili, Mayu na mimi, chini ya mti uliovaa kama meza ya mitumba. Mayu aliniambia tu, "Kaza fundo, upepo utaichukua."

Na aliyefuata kukosekana, ndugu zangu, nilikuwa mimi. Nilikuwa nimerudi kusoma, masomo ya jioni, na mtihani ukaangukia wiki ile ile ya kuvuna ukwaju. Nikampa Mayu shati langu akalifunge. Mtihani nilifaulu. Kiangazi kilichofuata tukafika Zagayu, mti hauna jani hata moja. Shati langu lilikuwa palepale, limepauka jeupe. Na Mayu alikuwa akikohoa tangu tuliposhuka kwenye bodaboda.

Nilichukua ndoo ya jirani nikakimbilia lambo. Nilimwaga maji pale shinani ndoo arobaini, labda mia, huku nikiusihi mti kama mtu anayemsihi askari. Nikampigia simu Minza, nikampigia Doto, nikampigia Kulwa: njooni leo, leo hii!

"Kuna msiba?" Kulwa akauliza.

"Bado," nikamjibu.

Miaka yote ile nilikuwa nimewalaumu wote watatu, kimoyomoyo, kwa kosa la kukua. Sasa nikajikuta mwenyewe ndiye wa mwisho kutenda kosa hilo, na cheti ninacho. Nikakaa kwenye tope nililolitengeneza mwenyewe, nikalia, mwanamume mwenye ndevu.

Mayu akaja taratibu, panga mkononi. Akaligonga shina kwa ubapa wake, likalia kama ngoma. Akagonga tena, gome likabanduka, ndani hamna mti. Udongo mtupu.

"Weka ndoo chini, mwanangu," akasema. "Mimi nakohoa vumbi la barabarani. Na huu mti umeliwa na mchwa. Walianza zamani, tulipokuwa bado tunakuja wote watano."