Sijaongeza Kitu

Jumatatu tulifunga klachi mpya. Alhamisi gari likakataa gia zote, za mbele na ya nyuma. Ijumaa mtu mmoja akakosa safari ya kwenda kumtafuta mtoto wake.

Sitaipamba. Nitaieleza kama ilivyokuwa, na wa kunitukana anitukane.

Ni mwaka 1999, Ngara. Naitwa Anastazi, mtu wa Nyamiaga, wakati huo dereva wa pikapu ya Mzee Saidi. Mzee alikuwa na duka pale mjini, babu zake walitokea pwani, na kwa madereva alikuwa na sheria moja tu: ukifungua boneti bila ruhusa yake, kazi huna. Kabla yangu alishatimua wawili.

Kila Ijumaa tulikwenda Bisibo, kule Biharamulo, kuchukua mahindi. Vilima vya njiani vilimaliza klachi ya zamani mpaka gari likawa linanguruma tu, halisogei. Mzee akaagiza nyingine kutoka Mwanza, klachi ngumu, ya magari ya rali. Ilipofika tuliizunguka wote kama bibi harusi.

Wa kuifunga akapatikana Lukole, kwenye kambi ya wakimbizi. Anaitwa Minani, Mrundi wa miaka arobaini hivi, kwao alikuwa fundi wa malori. Mzee Saidi akamwombea kibali cha kutoka kambini, akamuuliza anataka malipo gani.

"Sitaki hera," Minani akasema. "Ijumaa gari rikienda Bisibo, nipande."

Mwaka 1993, wakati wanakimbia vita kwao, alipotelewa na mtoto. Keza, miaka minne. Mkono ulimponyoka kwenye msongamano wa watu, basi. Sasa mama mmoja wa sokoni alikuwa amemwambia kwamba Bisibo kuna binti wa Kirundi analelewa na familia ya wakulima, jina lake Keza, ana kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto.

"Ni uji," Minani aliniambia huku anapangusa boliti. "Nirimmwagia mimi, bahati mbaya."

Akaendelea kupangusa. Nikampa spana.

Kazi yake ilikuwa safi. Pedali ilikuwa nzito, mguu unatetemeka, lakini gia ziliingia zenyewe. Mzee akazunguka mji mzima na gari anapiga honi bila sababu.

Jumanne asubuhi, nyumbani, nikafungua boneti. Ndiyo, ile iliyokatazwa. Mafuta kwenye kikopo cha klachi yalikuwa yameshuka kidogo chini ya mstari. Klachi inatumia mafuta yale yale ya breki, na chupa nilikuwa nayo. Niliiona imesimama dirishani jikoni kwa mama, nikaichukua, nikajaza, nikafunga boneti. Nilijiona na mimi fundi.

Jumatano gia ya kwanza ikaanza kukwangua. Alhamisi hakuna gia iliyoingia mpaka uzime injini.

Minani akaitwa. Akazima injini, gia zote zikaingia laini. Akawasha, zikakwangua.

"Giaboksi haina shida," akasema. "Krachi haiachii."

Akashusha giaboksi peke yake, jasho linamtoka, kuangalia kama pleti aliigeuza. Haikuwa imegeuzwa. Akaangalia beringi, nzima. Akarudisha kila kitu, akatoa hewa kwenye paipu, akaurekebisha mkono wa pedali. Bado. Akafungua kikopo cha mafuta, akachungulia. Kimejaa, rangi ile ile ya manjano.

Akanigeukia. "Anastazi, haya mafuta, hukuongeza kitu?"

Mzee Saidi alikuwa amesimama nyuma yangu.

Niliona kibarua changu kinaota nyasi pale pale.

"Sijaongeza kitu," nikasema.

Minani akaniamini. Kwa nini asiniamini? Akafunga kikopo, akahamia kwingine.

Saa tisa Mzee akachoka kusubiri. "Umenibadilishia," akamwambia. "Klachi yangu ya Mwanza umeificha, humu umeweka takataka."

"Mzee, nipe siku mbiri tu. Na kesho mnipereke Bisibo, nikirudi naenderea."

"Bisibo utakwenda kwa miguu."

Akaenda mwenyewe kambini kusema kwamba yule mtu hamhitaji tena. Kibali kikafutwa. Minani akachukua mfuko wake, akanipa mkono, akaniambia, "Angaria pedari, usiikanyage kwa hasira." Mkono wake ulikuwa na mafuta. Nikajifuta kwenye suruali.



Jumapili, baada ya misa, niko nje nafua. Mama yangu, Auleria, akatoka jikoni na kikaango.

"Nani amemariza mafuta yangu ya kura?"

Kula na kura kwa mama ni kitu kimoja. Nikacheka, nikamuuliza anagombea udiwani lini. Hakucheka.

"Yarikuwa kwenye chupa ya dirishani. Ire uriyoreta wewe. Niriiosha na majivu."

Nikaacha kufua.

Mnaelewa? Wakimbizi walikuwa wanapewa mafuta ya kupikia kwa mgawo, wengine wanayauza sokoni, mama zetu wanayanunua na kuyahifadhi kwenye chupa yoyote iliyopo. Chupa yangu ya mafuta ya breki ilikuwa imeisha zamani, mama akaiona nzuri, ina kifuniko. Mimi nikasoma maandishi. Sikunusa.

Mafuta ya kupikia yakiingia kwenye klachi, raba za ndani zinavimba na kulainika, presha inapotea. Ukanyage utakavyo, klachi haiachii. Fundi yeyote angejua kwa kunusa, kama angeambiwa kuna kilichoongezwa.

Jumatatu nikamwambia Mzee nina wazo. Nikamwaga yale mafuta, nikasafisha paipu, nikaweka raba mpya na mafuta ya breki yenyewe. Gia zikaingia.

Mzee akanipiga begani. "Umemshinda Mrundi."

"Ndiyo, bosi," nikasema.

Kuanzia siku hiyo nikawa dereva na fundi, na boneti nikaruhusiwa kufungua. Ningeweza kusema siku ile. Ningeweza kusema hata wiki iliyofuata. Watu huuliza kama nilikuwa silali. Nilikuwa nalala vizuri tu, nakula, naendesha. Ndani kulikuwa kimya, na kimya hicho sijakielewa mpaka leo.

Miaka mitatu baadaye nilikwenda Lukole, nimebeba mahindi ya kumpa. Kwenye kibanda chake cha turubai nikamkuta mama anaitwa Nimpaye, anakaa yeye na wanawe.

"Minani amerudi Burundi," akasema. "Ariondoka na watu wa kwanza kurudishwa."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Nikamwachia yeye yale mahindi.

Sasa mtaniuliza kuhusu Bisibo. Kwa miaka hiyo mitatu nilikwenda Bisibo kila Ijumaa. Nilijua jina la mtoto, nilijua kovu, nilijua kiwiko. Mji wenyewe si mkubwa, unauliza watu watatu umemaliza.

Sikumuuliza hata mmoja. Nikishapakia mahindi nageuza gari, kwa sababu nilikuwa naogopa kuambiwa ndiyo, yupo, nyumba ile pale.

Funzo mnalolitaka ni dogo. Fundi akikuuliza kama umeongeza kitu, sema umeongeza, hata kama bosi amesimama nyuma yako.

Na kama wewe unayesoma ulilelewa Bisibo, sasa una miaka thelathini na kitu, unaitwa Keza au walikubadilisha jina, na kwenye kiwiko cha kushoto una kovu ambalo hakuna aliyewahi kukueleza: ni uji. Baba yako hakukutupa. Alikuwa anakuja Ijumaa, na mimi ndiye niliyesema sijaongeza kitu.