Nilivyomsubiri Mtani Wangu

Mwingereza aliuita mtaa wetu wa Kibiti mtaa wa wenyeji, lakini karibu kila aliyeishi pale alikuwa ametoka kwingine. Mbele yetu alikaa Mshihiri, Mwarabu mwenye hoteli ya chai, pembeni Mhindi wa duka la nguo na mkewe, nyuma Wamakonde waliovuka Ruvuma, na Wamatumbi wa milimani waliogombana na kila mtu. Sisi tulitoka Salale, kwenye mikoko, na walisema tunanuka tope. Ukuta wetu wa udongo tuliuchangia na Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge, akabaki kwenye kazi za barabara, yeye na mkewe.

Huyo mke ndiye ninayemsema. Wanyamwezi ni watani wetu, na mtani akija msibani ana ruhusa ya kumkejeli marehemu. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Mshihiri hakulizoea jambo hilo hata kidogo. Kwao, alisema, mtu angechomwa jambia.

Mama yangu alikuwa na matende mguu wa kushoto, na aliuficha maisha yake yote. Kanga yake ilifagia chini. Kwenye shughuli za watu aliwahi mkekani kabla ya wote na kuinuka wa mwisho, asionekane akitembea. Alipokufa, tukiwa matangani, mtani wangu huyo aliingia amejifunga mto mguuni, akaukokota mbele ya wanawake huku akiguna kama mama.

"Nipisheni," anasema, "gunia langu linapita."

Watu hoi kwa kicheko. Mke wa Mhindi, ambaye hakuwa akijua lolote, akauliza kama kweli marehemu alikuwa hivyo. Akaambiwa ndivyo.

Nami nilicheka. Ningefanyaje? Nilitoa meno yote nje huku moyo unachemka, nikajiapia kimoyomoyo kwamba na yeye atafiwa tu, na siku hiyo nitakuwepo.

Sikumnunia. Nilimsuka nywele, tukaazimana chumvi, nikangoja. Ukuta ule haukuficha kitu. Mumewe alikuwa amepigana vita vya Mwingereza huko Burma, na mtaani alitembea kifua mbele. Lakini radi ikipiga alilia. Nilimsikia akitambaa kuingia uvunguni, na mkewe akimbembeleza. Asubuhi mwanamke anatuambia mumewe alilala fofofo. Siri ile niliitunza vizuri mno. Hata mume wangu sikumwambia.

Masika moja homa ikamchukua yule bwana. Nilipopata habari nilisema inna lillahi kwa mdomo, na moyoni, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikwenda matangani, nikatungua koti lake la jeshi ukutani, nikalivaa, nikaingia kwa mwendo wa askari chumbani alimokaa mjane. Wanawake wakaanza kushangilia. Kisha nikaligonga debe tupu, likanguruma kama radi, nikajiangusha, nikalia kwa kwikwi na kutambaa hadi uvunguni mwa kitanda chao.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa hawajui, wakabaki kumtazama mjane. Nami nililala pale vumbini nikiitazama miguu yake, nikisubiri kusikia uchungu wake. Nilitaka uchungu mwingi.

Akapiga magoti. Akaingia uvunguni, tukawa ubavu kwa ubavu, anacheka huku machozi yanamtiririka.

"Sogea, mtani," alisema. "Mimi nilikuwa nakaa upande huo wa ukutani. Yeye akikaa huku, namziba masikio."

Nikasogea. Akaniziba masikio kwa viganja vyake, kama alivyomfanyia yeye, na mdomo wake nikauona ukisema ahsante.

Miaka yote ile nilingoja nimuumize, nikaishia kumrudishia mumewe. Yeye mimi hakunirudishia mama, na hilo sijamsamehe hadi leo.