Masika Asiyekula Nyama

Aibu imeshanitoka, sasa nacheka tu, kwa hiyo acheni niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Wiki iliyopita nilitoka Kasese kwenda kuwafundisha wachuuzi wa soko la Bwera faida za kula mboga na maharage. Nilitaka ushahidi ulio hai. Wakaniambia yuko Masika, mama wa miaka themanini na kitu, ambaye hajaonja nyama tangu usichana wake. Nikaomba aitwe.

Wakaja wanawake wawili. Mmoja alikuwa na mvi tupu na fimbo mkononi. Wa pili alikuwa amejitwika kikapu cha parachichi, shingo imenyooka.

"Masika ni nani?" nikauliza.

Wote wawili wakaitika, maana kwa Wakonzo binti wa kwanza huitwa Masika, hata kama mama yake naye ni Masika. Mtaalamu mimi sikuona haja ya kuuliza zaidi. Nikamshika mkono yule mwenye mvi, nikamketisha mbele, nikaomba apigiwe makofi. Kisha nikamgeukia mwenye kikapu.

"Na wewe binti, fuata mfano wa mama yako. Acha nyama mapema."

Mwenye mvi akainamisha uso, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

"Mwalimu," akasema mwenye kikapu, akikitua polepole, "huyu iko mutoto yangu. Nyama ya mbuzi ndiyo namukatazaka kila siku."