Kazi yangu ni kufuta majina kwenye rekodi, nimekutana na langu

Admin, nakuomba unisitiri, maana ndugu zangu wengi wanafuata ukurasa huu. Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili. Nimezaliwa hapa Muscat, wazee wangu walitoka Unguja, na nakaa mtaa wa Hail. Nyie wasomaji, msinijie na matusi kabla hamjafika mwisho.

Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia kwa furaha sana najiuliza anataka nini. Nyumbani wamenipachika jina la utani kwa ajili ya kuhojihoji watu. Lenyewe silitaji, hapa niiteni Bi Askari, haliko mbali na hilo.

Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano ya Kiswahili yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno. Nafanya nyumbani, watoto wakishakwenda skuli. Mwaka huu nimepata kazi ya watafiti wa chuo kimoja cha nje. Wanawahoji Waswahili wa huku Ghuba wenye mapenzi ya jinsia moja, wanavyotendewa wakienda hospitali, halafu majibu yao yanatengenezewa mafunzo ya madaktari na wauguzi. Nilishuku mtego tangu siku ya kwanza. Nani anawatafuta watu hawa, na anawatakia nini? Nikamhoji msimamizi mpaka akachoka. Akanijibu, "Dada, tunataka mtu akiumwa atibiwe, basi."

Nikasaini kwamba sitomwambia mtu nitakachosikia, na kwamba kila jina nitalifuta niache mabano matupu. Hata sauti zenyewe zinaletwa zimeshabadilishwa, zinasikika kama mtu anasemea ndani ya pipa.

Rekodi ya kumi na moja ilikuwa ya mwanamume. Alisema ana uvimbe sehemu za siri na anauona unakua. Alikwenda zahanati moja, daktari badala ya kumpima akaanza kumuuliza mbona hajaoa, anaishi na nani, marafiki zake ni kina nani. Alipokawia kujibu, daktari akamwambia, "Watu kama nyinyi nnawajua," akaishika simu ya mezani kama anayetaka kuita polisi. Yule bwana akavaa nguo zake akatoka. Mwaka mzima umepita hajarudi kwa daktari yeyote. Nikamwonea huruma, nikaendelea kuandika.

Mhoji akamuuliza kama nyumbani kwao wanajua. Akasema, "Mama hajui, lakini mama simuogopi sana. Nnamuogopa dada yangu." Akamtaja huyo dada kwa jina lake la utani, na lilikuwa langu.

Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Akaendelea, "Siku moja tunakula, pakazungumzwa kijana mmoja wa jirani anayesemwa kwamba ni kama mimi. Dada akasema angekuwa wake huyo, hata maji ya kunywa asingempa."

Nilisema hivyo. Ilikuwa sikukuu ya Idi, na nilisema huku nampakulia wali mdogo wangu huyo huyo, ndugu yangu wa kiume wa pekee. Nikaandika mabano matupu mahali pa jina langu. Sitowadanganya, mambo hayo kwangu ni mazito na bado sijui nitayabeba vipi. Lakini huyu mtoto nimemlea mimi, nimemfunga nepi kwa mikono yangu. Nililia mpaka kanga ikarowa.

Mwisho wa rekodi mhoji akamwambia yupo daktari hapa Muscat aliyepitia mafunzo yao, hamhoji mtu maisha yake. Akakubali, wakapanga aende Jumapili. Dada mwengine angeshukuru akanyamaza. Mimi nikashuku. Daktari gani huyo? Na kama amewekwa pale ili amnase? Kanuni ilinitaka nimwambie msimamizi kwamba namjua mhojiwa. Sikumwambia. Siku ya Ijumaa nikaendesha gari mpaka Al Amerat anakoishi mdogo wangu.

Akanipokea vizuri, akanimiminia kahawa. Nikashindwa kujizuia.

"Daktari umemuona karibuni?"

"Daktari wa nini?"

"Nauliza tu. Wanaume wa umri wako mnatakiwa mpime."

Akaweka finjani chini. "Dada, nani kakwambia nnaumwa?"

"Hakuna."

"Wewe huulizi bure. Nani kakwambia?"

Nikasema nimeota ndoto mbaya. Hajawahi kunisikia nikisimulia ndoto maisha yangu yote. Aliniangalia weee, kisha akasema ana shughuli, akanisindikiza mpaka kwenye gari.

Jumatatu msimamizi akatuandikia. Mshiriki wa kumi na moja amejitoa, anasema siri yake imevuja, kwa daktari hakwenda na hataki kupigiwa simu tena. Sote tufute rekodi yake. Msimamizi hajui nani aliyeivujisha. Sasa wanashukiana wenyewe kwa wenyewe, na mimi nipo katikati yao nimenyamaza.

Mdogo wangu hapokei simu zangu. Mama anasema yeye alipigiwa naye, na swali lake lilikuwa moja tu, "Dada kasema nini kuhusu mimi?"

Nikimwambia mimi ndiye niliyesikiliza, atajua kwamba mtu anayemuogopa kuliko wote ameyasikia yote, na sijui atakimbilia wapi. Nikinyamaza, ataendelea kuamini wale watu wamemuuza, na hatomvulia nguo daktari mwengine tena.

Rekodi nimeshaifuta kama nilivyoagizwa. Uvimbe bado anao. Naombeni mnielekeze jamani, niende kwake nikamwambie ni mimi, au ndiyo nitakuwa nimempoteza kabisa?