Mishipa ya Baba

Usiku ule baba alirudi na shoka lake.

Enzi za uhai wake alikuwa na bucha Korogwe, mpaka kisukari kilipomla mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha yeye mzima. Katika ndoto alikuwa na miguu yote miwili, amesimama nyuma ya gogo la kukatia nyama, aproni imelowa damu. Juu ya gogo hapakuwa na nyama. Alilala mdogo wangu Sudi, macho wazi.

Nikamwita baba. Shoka likapanda, likashuka, na kidole gumba cha mguu wa Sudi kikaruka kikagonga ukuta. Sudi hakulia. Nikamrukia baba, nikamng'ata mkono mpaka nikaonja chumvi ya damu. Akanikung'uta kama mtu anayekung'uta mkeka, nikaanguka chali, nikasikia shoka likishuka tena.

Mara bucha si bucha. Tuko uani kwa marehemu shangazi Mwanaidi, dada yake baba, aliyeishi na sukari hiyohiyo mpaka akawa ajuza, nyayo zake nzima kama za mwali. Anachambua mchele, hageuki. Baba amemshika Sudi kifundo cha mguu, anamburura. Mimi nimeng'ang'ania mabega. Tunavutana. Kitu kinachanika ndani ya mguu kama kanga kuukuu, na damu inayotoka ni nyeusi, nzito, haitiririki.

"Shangazi, mwambie amwache. Sudi amekurithi wewe."

Ndivyo Sudi alivyosema siku zote. Kliniki, Sudi alipogundulika kuwa naye ana sukari, daktari alitueleza kwamba mtu hurithi kwa wazazi tofauti ndogondogo zisizoonekana kwa macho: wawili wana sukari sawa, mmoja mishipa yake ya damu inaharibika mapema, mwingine inamvumilia. Huwezi kujua wewe ni yupi kwa kujitazama kwenye kioo, akasema, kwa hiyo kila mmoja ashike dawa na aje apimwe. Sudi akacheka. Yeye ni wa shangazi. Hakurudi tena kliniki.

Shangazi anainua uso.

"Mimi na baba yako tulikula chungu kimoja," anasema. "Mishipa hatukugawana."

Baba anaachia. Mashavu yake yamelowa.

"Simkati leo," ananiambia. "Nilimkata siku niliyomzaa. Mwambie aangalie miguu yake."

Kisha analigeuzia shoka goti lake mwenyewe, analiinua juu, na mimi nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Nilikuwa nimejing'ata mdomo, mto una damu. Sikungoja chai. Nilimkuta Sudi kibarazani kwake, anafunga kamba za viatu aende kazini.

"Vua soksi," nikamwambia.

"Dada, hata hujanisalimia."

"Vua, Sudi."

"Ni kiatu tu kilinichubua, juzijuzi hapa. Kitapona chenyewe."

Nikapiga magoti, nikamvua mwenyewe. Harufu ilitangulia. Ukucha ulikuwa umeachana na nyama, na kidole kimeanza kuwa cheusi kuanzia nchani. Nikakibonyeza. Hata uso hakukunja.

"Unaona? Hakiniumi hata kidogo."

"Baba naye hakikumuuma," nikamjibu. "Simama twende hospitali. Amenituma nikuchukue."