Imakulata Alipoulizwa Mbele ya Wageni

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyopokea diploma yangu, na unajua jinsi ninavyoipenda diploma ile. Iko sebuleni, imewekewa kioo, na mgeni yeyote anayekaa pale lazima anyanyue macho aisome. Sioni aibu kusema. Niliondoka Heru Juu na begi la nguo tu, nikabeba zege Dar es Salaam, nikajisomesha ufundi umeme, nikarudi nyumbani na cheti na televisheni. Kabla yangu, katika kitongoji chetu hakuna aliyewahi kurudi na vyote viwili.

Hiyo televisheni ndiyo iliyoleta mambo. Umeme ulikuwa haujafika kwetu, basi nikaiunganisha na betri ya gari na kuisimamishia antena juu ya mparachichi. Kila jioni watu walijaa uani kuangalia tamthilia moja ya mambo ya imani. Ndani yake alikuwamo msichana aitwaye Tumaini. Nabii alimwambia Mungu amekwisha kuona kwamba ataolewa na mwanaume fulani. Tumaini hakumtaka. Akapanda basi akimbie, basi likaharibika njiani, na aliyefika kuwasaidia abiria akawa ni yule yule mwanaume. Uani kwetu walipiga makofi.

"Utamkimbia Mungu uende wapi?" akasema jirani yetu, na wengine wakaitikia amina.

Mdogo wangu Imakulata hakuitikia. Siku zile zile Enoki, kijana kiongozi wa maombi, alikuwa amesimama mbele ya waumini akatangaza kuwa ameonyeshwa na Mungu kwamba Imakulata ndiye mke wake. Nisimsingizie, hakuwa kijana mbaya. Alikuwa mchapakazi, mpole, na alisadiki alichokisema. Ila Imakulata alimpenda fundi seremala mmoja wa Kibondo, na siri hiyo aliniambia mimi peke yangu.

Asubuhi moja nilimkuta anapura maharage, fimbo inashuka kwa hasira kama vile maharage ndiyo yaliyomposa.

"Kaka, ile tamthilia uliiona yote kule Dar?"

"Niliiona."

"Tumaini anaolewa na yule?"

"Anaolewa."

Akaiweka fimbo chini. "Basi. Kama Mungu amekwisha kujua, nikatae nini? Nitazungushwa tu, halafu nirudi pale pale nimechoka."

Niliiokota ile fimbo nikapura mimi. Masomo yangu yalikuwa ya nyaya.

Wageni wakaja kuleta posa. Katika ukoo wetu, wageni wa posa huja na kinywaji, nacho huwekwa katikati ya watu kikiwa kimefungwa. Zamani kilikuwa pombe ya ndizi, lakini watu wa Enoki ni walokole, wakaja na makreti ya soda. Halafu shangazi wa binti humuuliza binti mbele ya wote kama kifunguliwe. Akikubali, anafungua mwenyewe na kumpa baba yake. Akikataa, wageni huondoka nacho kama walivyokuja nacho. Shangazi yetu Fotunata aliuza nafaka sokoni Kasulu, na sauti yake ilikuwa ikifika kabla yake.

"Imakulata," alisema, "wageni umewaona. Tufungue?"

Imakulata aliinamisha kichwa. "Shangazi, kama Mungu ameshaonyesha, mimi naulizwa nini tena?"

"Amina!" wakaitikia wageni.

"Ngojeni kwanza na amina yenu. Nani amekufundisha hayo, binti?"

"Hata kwenye televisheni ya kaka ilikuwa hivyo hivyo."

Shangazi akanigeukia. "Wewe, bwana diploma! Ulijua huyo msichana wa kwenye kioo ataolewa?"

"Nilijua, shangazi. Nilikuwa nimeshaiona."

"Ni wewe uliyemwoza?"

"Hapana. Walioitunga ndio waliomwandikia."

"Ahaa. Na huyu wetu, kaandikiwa na nani? Na Enoki?"

Enoki akasimama kwa adabu. "Mama, Mungu anajua yote."

"Anajua, mwanangu, hilo sibishi. Mimi nikimwona mume wangu anachukua kofia Jumapili jioni, najua anakwenda kunywa. Je, ni mimi ninayemnywesha?"

Watu waliangua kicheko. Mume wake, aliyekuwa amekaa mlangoni, akaitazama kofia yake mkononi kama hajawahi kuiona. Shangazi hakucheka. Alimshika Imakulata bega.

"Mungu anajua utakachojibu, binti yangu. Lakini anachokijua ni jibu lako, si langu wala la kijana huyu. Litoe basi, na sisi tulijue."

Imakulata aliyatazama makreti.

"Oya," alisema polepole, yaani hapana kwa Kiha. Kisha akanyanyua uso. "Oya, shangazi. Kibaki kimefungwa hivyo hivyo. Enoki namheshimu kama ndugu, lakini mume wangu si yeye."

Mwanangu, nilikaza mgongo kana kwamba paa lingetuangukia. Halikuanguka. Wa kwanza kushusha pumzi alikuwa baba yake Enoki.

"Afadhali umelisemea hapa," alisema, "kuliko kulisemea ndani ya nyumba ya mwanangu."

Enoki alikaa, akajipangusa uso. "Kwa hiyo niliota tu?"

"Uliota, baba," shangazi akamwambia kwa upole. "Hata mimi huota nina gari."

Akacheka, kicheko kidogo, lakini kilitosha kutufungua vifua sote. Wakala ugali wa muhogo na maharage, wakafunga makreti yao kwenye bodaboda, wakarudi kwao Kabanga kwa amani. Imakulata aliolewa Kibondo na yule seremala, na sijasikia kwamba Mungu alishangaa. Enoki naye alioa, na safari hiyo alimuuliza msichana kwanza.

Sasa nisikilize, maana mzee mwenye diploma hasemi bure. Atakuja mtu akwambie Mungu ameshapanga uoe huyu, uache shule, umpe shamba lako. Usimtukane. Mwambie Mungu anajua, na kwa kuwa anajua, hahitaji mtu akujibie. Halafu fikiri, omba, uliza waliokutangulia, useme ndiyo yako au hapana yako kwa sauti inayosikika. Na ukikosea, usimtupie Mungu kosa lako. Lichukue, litengeneze, uendelee. Kujua kwake si kamba shingoni mwako. Mimi huko kujua kwake hunipa usingizi, kwa kuwa popote nitakapochagua kwenda, sitamkuta amepotea.

Mungu akupe moyo usioogopa kuulizwa, na ulimi usiokopa jibu la mwingine. Na ukishajibu, akupe amani ya kukaa ndani ya jibu lako.