Jina la Mama Élodie

Gauthier ni mwizi, na nalisema mchana peupe. Hapa Katoyi wapo wanaomwita mheshimiwa kwa sababu anavaa koti na analala Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Mimi ni jirani wa mwanamke aliyemwuzia kampuni, kwa hiyo adabu hiyo sina.

Mwanamke mwenyewe ni Marcelline, ila jina hilo lilibaki kwa padri aliyembatiza. Tangu amzae binti yake wa kwanza mtaa mzima ulimwita Mama Élodie, kama tunavyomwita kila mzazi. Alipoanza kuuza fromaji ya Masisi kwa simu, hakuumiza kichwa kutafuta jina la kampuni. Ikaitwa Mama Élodie. Unatuma ujumbe asubuhi, pikipiki inakuletea jibini lako mlangoni. Vijana waliosoma wakasema hiyo ndiyo statapu, kampuni changa ya kisasa. Yeye akasema ni fromaji.

Kila moja aliionja kabla haijatoka. Iliyokuwa chungu aliirudisha na matusi juu yake, na wenye ng'ombe waliomletea walimwogopa. Ndiyo maana tulinunua.

Benki zilipofungwa kwa sababu ya vita, wenye ng'ombe wakakataa kungoja malipo, naye Gauthier akatokea akitabasamu. Alitaka pikipiki, namba ya simu, wateja na jina.

"Mama Élodie, jina haiuzishwake," nilimwambia.

"Ni jina ya kampuni tu. Yangu inabakia."

Akatia sahihi. Alikosea. Jina lilikuwa hilo hilo moja.

Gauthier hakuonja kitu. Alinunua fromaji zilizolala, akabandika juu yake picha ya Marcelline akicheka. Watoto wa Joviale, jirani yetu wa nyuma, wakatapika hadi wakalazwa. Jumapili kanisani, padri aliposema tupeane amani, Marcelline alinyoosha mkono na Joviale akaukunja wake kifuani.

"Ulilisha batoto yangu fromage ya kuoza."

"Niliuzisha kampuni, mama. Haiko miye tena."

"Sasa weye ni nani?"

Kesho yake nilimsindikiza kwa Gauthier. Aliomba jambo moja tu, jina litolewe. Yule bwana hakutupa hata kiti.

"Mama, c'est signé, ulishatia sahihi. Hata weye hauna haki ya kuuzisha kitu na ile jina."

Sheria iko upande wake. Mimi siko, na niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa. Natumaini bado yanamwasha.

Njiani Marcelline alilia kwa hasira, si kwa huzuni.

"Nilizaniaka kuachilia kampuni ni kama kuachisha mutoto ziwa," alisema. "Analia kidogo, anasahau. Kumbe huyu Gauthier alienda na ziwa yenyewe."

Alasiri hiyo alituita majirani uani kwake. Alisimama wima, macho makavu. Akasema atauza tena, mlango kwa mlango, na hatavumilia uozo wa Gauthier kuitwa kwa jina lake. Mtoto wake wa pili ni Benny.

"Kuanzia leo, muniite Mama Benny. Ile ingine mumuachie Gauthier."

Tulikubali. Joviale mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema, "Karibu, Mama Benny," na mimi nikapiga makofi kama mjinga, nikiona tumemkomoa yule mwizi.

Élodie alikuwa akiosha sufuria karibu na mlango. Ana miaka kumi na minne. Alifuta mikono kwenye sketi, akamtazama mama yake.

"Mama, kumbe na miye uliniuzisha?"